Mwanangu huanguka kifafa, na dawa iko ng'ambo ya maji

Swali: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa kisiwa cha Pate. Mwanangu wa tatu ana miaka saba, na huanguka tangu alipokuwa wa miaka minne. Hukakamaa, hurusha mikono na miguu, hutoka povu, hujikojolea, kisha hulala. Homa huwa hana. Nilipomzaa nilikaa na utungu siku mbili, usiku boti haikupatikana. Mwaka jana tulivuka akaonwa na daktari, tukawa tunapewa fenobabitoni ya mwezi mmoja mmoja. Alikaa miezi minne bila kuanguka. Kusi ilipovuma tukashindwa kuvuka, dawa ikaisha, na wiki ya tatu akaanguka mara tano siku moja. Zahanati yetu dawa hiyo haina. Mama mkwe asema hospitali imeshindwa, turudi kwenye kombe, yaani maandishi ya Kurani ya kunywa, na azima. Mjomba wake yuko tayari kuuza mbuzi ili tumpeleke Mombasa akapigwe picha ya ubongo. Mwalimu naye ameniambia nimweke nyumbani. Nianze na lipi? Na sisi wa visiwani tufanye nini hata hii dawa itufikie?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu, na pole kwa siku ile ya mara tano. Najua mama anavyohesabu pumzi za mwanawe siku kama hiyo.

Nikujibu kwanza la kuanzia nalo. Umeandika kwamba alikaa miezi minne hakuanguka. Mwambie mama mkwe, kwa adabu zake zote, kwamba hiyo miezi minne ndiyo ushahidi. Dawa ilimkubali mtoto. Kilichokatika ni safari ya kuifuata. Na fenobabitoni ina tabia moja ambayo laiti kila anayeipokea angeelezwa siku ya kwanza: huchukua wiki mbili hata tatu kutulia mwilini, na ikikatwa ghafla ubongo hubaki bila breki. Mara nyingi mtoto huanguka zaidi ya alivyokuwa akianguka kabla ya kutibiwa. Zile mara tano sizioni kama maradhi yameshinda dawa. Naziona kama dawa iliyokosekana.

Kwa hiyo vuka na maji ya kwanza mazuri, mrudishe kwenye dawa. Usimpe dozi mbili kwa moja ili kufidia siku zilizopita. Itamlaza usingizi mzito na haitafidia kitu. Ukifika, sema mambo mawili bila kuona haya. La kwanza, apimwe uzito upya, kwa sababu dozi ya mtoto huenda na kilo zake. Mtoto wa miaka saba hawezi kubaki na dozi aliyopimiwa alipokuwa mdogo, na jambo hili husahaulika kila mahali, hata kwetu Malindi. La pili, omba dawa ya miezi mitatu. Eleza kwamba unatoka Pate, kwamba bandarini Mtangawanda hamtoki isipokuwa kwa maji kujaa, na kwamba kusi ikishika hamna nauli wala nahodha. Daktari asiyejua bahari atakuandikia mwezi mmoja kwa mazoea tu. Anayejua atakusikiliza. Mtoto akishatulia, hapana sababu ya kitabibu ya kumvusha bahari kila siku thelathini.

Dawa yenyewe hunywewa mara moja kwa siku, usiku, isipokuwa daktari akiagiza vinginevyo. Siku za mwanzo atasinzia sinzia. Watoto wengine huwa watundu na wasiotulia, na mama hudhani amepatwa na jingine. Hilo mwambie daktari; pengine atapunguza dozi au atambadilishia kabamazepini, ambayo hunywewa mara mbili kwa siku. Akitoka vipele mwili mzima, au midomo na macho yakachubuka, hapo usingoje: ni siku hiyo hiyo hospitali.

Sasa mbuzi wa mjomba. Waacheni zizini kwanza. Kifafa hakijulikani kwa picha. Hujulikana kwa masimulizi ya aliyemwona mtoto akianguka: alianza vipi, macho yalielekea wapi, mwili wote ulitikisika au upande mmoja, ilichukua muda gani, aliamka vipi. Hayo uliyoniandikia kwa mistari mitatu yana uzito kuliko mashine nyingi. Na siku hizi kuna simu: akianguka, mmoja amlinde, mwingine arekodi video. Nimebadilisha matibabu ya watoto wawili watatu kwa sababu ya video ya nusu dakika iliyochukuliwa jikoni. Picha ya ubongo ina mahali pake. Mtoto akiwa na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, akiumwa kichwa kila asubuhi na kutapika, akianza kusahau mambo aliyokwisha kuyajua, au akiendelea kuanguka ilhali amekunywa dawa mbili tofauti sawasawa kwa dozi kamili, basi hapo tutazungumza habari ya Mombasa, na mbuzi wauzwe. Leo hii, Shirika la Afya Duniani linasema tiba ya kifafa kwa dawa za kawaida inaweza kugharimu chini ya dola 5 kwa mwaka. Nauli ya kwenda kupigwa picha itavusha dawa ya miaka.

Umetaja utungu wa siku mbili. Sijui kwa nini uliutaja, lakini nahisi uliandika mstari ule ukijilaumu. Siwezi kukwambia kwa hakika kwamba ndiko kulikoleta kifafa. Hakuna awezaye kusema hivyo kwa barua. Najua kwamba katika utafiti uliofanywa huku pwani, Kilifi, matatizo ya wakati wa kuzaliwa yalijitokeza miongoni mwa mambo yanayoambatana na kifafa cha utotoni, pamoja na kuumia kichwa. Ikiwa ndivyo, boti isiyopatikana usiku si kosa la mwenye utungu. Ni jambo la kuwaambia wanaogawa fedha za afya: chombo cha kumvusha mzazi usiku ni kinga ya kifafa, sawa na chandarua. Malaria kali inayopanda kichwani nayo huacha watoto wengine na kifafa.

Kuhusu kombe. Mimi ni mtoto wa pwani, sitakwambia umkatalie mama mkwe. Dua haigombani na kidonge. Bila shaka wazee wenu wanaijua hadithi ya yule mwanamke aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba huanguka na kufunuka, akapewa hiari ya kusubiri apate pepo au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke. Hakutengwa, hakuambiwa ana uchafu. Nimewahi kuisimulia kwa maimamu, na baadhi yao sasa ndio wanaowaambia wazazi: soma, na dawa usiiache. Watafiti wa Kilifi nao walikwenda kuzungumza na waganga wa kienyeji badala ya kuwapiga vita, kwa sababu familia nyingi hupita huko kwanza, huku wakiyaita maradhi haya vitsala au mambo ya nyuni. Masharti yangu ni machache tu: dozi ya usiku isirukwe hata usiku mmoja kwa ajili ya tiba nyingine, asichanjwe wala asichomwe, asifukizwe moshi akiwa ameanguka, na kinywaji chochote, hata kama ni kitukufu, asinyweshwe mpaka aamke kabisa na aweze kusema jina lake, maana kitaingia mapafuni.

Akianguka, fanya machache. Mlaze kwa ubavu, weka leso iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza nguo ya shingoni, mfunike mwili. Usitie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu. Ulimi haumezwi, meno ndiyo huvunjika, na vidole vya anayesaidia. Tazama saa. Ikipita dakika tano hajaacha, au akiacha na kuanza tena kabla hajaamka, hiyo ni dharura: apelekwe mbio zahanati, na kama ipo dawa ya diazepamu ya kupitishia njia ya haja kubwa apewe pale pale kabla ya habari ya boti. Mshituko wa nusu saa unaweza kuumiza ubongo au kuua. Hata pale penye muuguzi mmoja tu, diazepamu inapaswa kuwepo.

Na maji, dada yangu. Nyinyi mmezungukwa nayo. Asiogelee peke yake, asitumwe kisimani, asioge kwenye birika bila mtu mlangoni. Asikae jikoni karibu na mafiga. Minazi na paa aachie wenzake. Mengine yote acheze: mpira, madrasa, harusi, kupanda punda mtu akiwa kando. Kumfungia ndani hakumkingi na kifafa, na humnyima utoto.

Mwalimu sitamsema vibaya, huenda hajawahi kuona mtu akianguka na aliogopa. Mwendee na barua ya daktari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa kila mtoto wa Kenya haki ya kusoma, na kifafa hakiambukizi, hata povu likimgusa mwingine. Mwonyeshe mwalimu namna ya kumlaza kwa ubavu na kutazama saa. Ni somo la dakika kumi. Bora zaidi, wafundisheni watoto wa darasa lake. Watoto hujifunza upesi kuliko sisi, na wakishajua la kufanya huacha kucheka.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike kwa kirefu.

Mwaka wangu wa tatu kazini alikuja mama mmoja kutoka bara ya Magarini na mtoto wa kiume aliyeungua mkono. Alikuwa ameanguka motoni. Daftari la kliniki lilionyesha hajachukua dawa miezi mitano. Nikamgombeza, mbele ya watu, nikamwambia uzembe wake ndio uliomuunguza mtoto. Hakujibu. Alifungua fundo la leso akatoa karatasi tatu zilizokunjwa, za miezi mitatu tofauti, kutoka kituo kimoja nisichokitaja. Zote zimeandikwa kwa mkono: hakuna dawa. Alitembea mara tatu. Safari ya nne hakwenda, na nani angekwenda? Nilimwomba radhi, akasema si kitu. Mpaka leo najua ni kitu.

Baadaye niliona takwimu, nikakuta karatasi zile tatu zimo ndani yake. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa tiba, ambao wako Kilifi tangu 1989, walihesabu kifafa cha kukakamaa nyumba kwa nyumba na kupata karibu watu 8 katika kila 1,000. Walipopima damu, asilimia 62 ya wenye kifafa hawakuwa na dawa mwilini. Wakachunguza kwa nini. Imani ilikuwamo, ndiyo. Lakini pia kulikuwa na kukaa zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, kulipia dawa mfukoni, na kuumwa kwa miaka mingi hata mtu akachoka. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha wenye kifafa hufa mara 6 na zaidi ya wenzao, na wasiofuata dawa hufa mara 3 ya wale wanaoifuata. Mwaka huo huo yakatoka matokeo ya somo lililotolewa kwa nusu ya wagonjwa 738, la kuwaelimisha kuhusu kifafa. Imani za pepo zilipungua. Lakini walipopimwa damu, waliofundishwa hawakuwa wakinywa dawa zaidi ya wasiofundishwa.

Nimelifikiria sana hilo la mwisho. Sisi wataalamu tunapenda semina. Tunapenda kusema wazazi hawajui. Mama wa Magarini alijua, na wewe unajua. Nikipewa fedha za semina kumi na fedha za kujaza kabati la zahanati moja, nitachukua kabati.

Basi kabati la zahanati yenu litajazwaje? Zahanati huagiza dawa kwa kutazama wagonjwa walioandikwa. Ikiwa mwenye kifafa aliyeandikwa ni mmoja, au hakuna, mwenye kuagiza hana sababu ya kuagiza. Na hakuna walioandikwa kwa sababu wamefichwa ndani au wamevuka kutibiwa kwingine. Dawa haipo kwa sababu wagonjwa hawaonekani, na wagonjwa hawaji kwa sababu dawa haipo. Duara hili linakatwa kwa orodha. Kijiji cha watu 3,000, kama kinafanana na Kilifi, kitakuwa na watu kama 23 wenye kifafa cha kukakamaa. Wewe unamjua mwanao, pengine na wawili wengine. Zungumza na mhudumu wa afya ya jamii anayepita majumbani mwenu, na wanawake wa kikundi chenu, mwaulize kwa upole nani huanguka. Msitangaze majina msikitini wala kwenye makundi ya simu; familia nyingi huogopa posa za mabinti zao. Orodha aishike muuguzi peke yake, apate idadi na umri. Kisha muuguzi na kamati ya zahanati waandike kwa kaunti: tuna watoto kadhaa, tunahitaji vidonge kadhaa kwa miezi sita. Idadi yenye hesabu hujibiwa upesi kuliko malalamiko. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na bajeti ya kaunti hupita kwenye vikao vya umma. Nendeni na hesabu yenu huko. Ipangeni ifike kabla ya kusi, ili shehena ya dawa ivuke bahari ikiwa tulivu.

Mtaambiwa mambo mawili. Kwanza, kwamba fenobabitoni ni dawa ya kudhibitiwa. Kweli, imo kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971, na lazima iwe na kufuli na daftari lake. Kufuli na daftari ni vitu vya bei nafuu. Dawa yenyewe imo pia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa miaka mingi shirika hilo liliipendekeza kuanzia pale penye uwezo mdogo. Pili, mtaambiwa kifafa ni cha daktari bingwa, zahanati haiwezi. Huko Nakuru, kazi iliyochapishwa mwaka 1991 ilitibu wagonjwa 302 katika huduma za afya za msingi kwa fenobabitoni na kabamazepini. Dawa zote mbili zilifanya kazi sawa, na zaidi ya nusu ya waliomaliza mwaka hawakuanguka katika miezi sita ya mwisho. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa kutibu kifafa. Kule kaskazini mwa Nigeria, Kano, Kaduna na Zaria, wameanzisha jaribio kubwa la kuwapa wahudumu wa afya kazi ya kutambua na kutibu kifafa cha watoto katika vituo vidogo. Afisa wa kliniki aanzishe dawa ng'ambo. Muuguzi wa zahanati aendeleze, apime uzito, ahesabu kuanguka, apige simu akikwama. Bingwa abaki kwa wale wasiosikia dawa mbili.

Wewe binafsi, jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, pamoja na watoto kama hujafanya hivyo. Huduma za zahanati na kituo cha afya zimepangwa kulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, na kulipia dawa mfukoni ni moja ya mambo yaliyowatoa watu njiani.

Swali ambalo hukuuliza lakini utaulizwa nyumbani: mpaka lini? Akikaa miaka miwili kamili bila kuanguka, daktari atazungumza nawe kuhusu kupunguza pole pole, kwa miezi. Watoto wengi huacha dawa kabisa. Wengine hurudi kuinywa na kuishi nayo kama mtu avaaye miwani. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa sawasawa. Usimwachishe mwenyewe, hata akionekana mzima. Ramadhani ikija, yeye bado mtoto, hana faradhi ya kufunga. Ila usiku wa daku asikeshe, kwani kukosa usingizi huwaangusha.

Chukua daftari la shule lisilotumika. Ukurasa wa kwanza andika uzito wake, jina la dawa na dozi. Ukurasa wa pili chora safu nne: tarehe, saa, ilichukua muda gani, alikunywa dawa jana yake au la. Anza na ile siku ya mara tano. Ukivuka, lishike mkononi kabla hujaulizwa neno, na video umwonyeshe daktari wewe mwenyewe. Vidonge vikibaki vya wiki mbili, usingoje viishe: hiyo ndiyo siku ya kuuliza boti.